Mjomba, nitaipaki wapi?

Jana jioni binti ya dadangu kanipigia simu kutoka Maweni, amepata nafasi ya chuo, kampasi ile ile niliosoma mimi hapa Malindi, na mimi nkajua sasa ataniuliza habari ya karo. Hakuuliza karo. Swali lake la kwanza likawa, "Mjomba, kule pikipiki nitaipaki wapi?" Nkamwambia ntakupigia. Skumpigia. Nilikaa barazani mpaka chai ikapoa, manake hilo swali nimelala nalo na kuamka nalo miaka mitatu, na kuna siku moja lilinikaba koo.

Ile pikipiki yangu, Boxer nyekundu, mnaikumbuka. Mamangu aliichukulia mkopo kwa chama chao cha kina mama, logbuku, ile hati ya umiliki, ikabaki kwa mweka hazina hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Enzi hizo pikipiki zishajaa mji mzima, tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa zile za chini ya cc 250 mwaka 2008 kila nyumba yenye kijana ilikuwa yatafuta namna ya kupata moja. Wenzangu waliobahatika walienda Kilifi, Pwani University, wakapata na hosteli. Mimi nililala kwetu Barani, saa kumi na moja alfajiri nishawapeleka kina mama sokoni na vikapu vyao, saa mbili niko darasani, saa kumi nishavaa jaketi niko steji ya bodaboda. Karo ilitoka kwa tangi la ile pikipiki, hakuna kwengine.

Kampasi yenyewe ilikuwa ndogo, uwanja wa mchanga na mawe yaliopakwa chokaa kupanga magari, na kila nafasi imeandikwa ya staffu. Nafasi ya mwanafunzi haikuweko, hata ya baiskeli. Aliepanga ule uwanja alimuona mwanafunzi kama mtu anaekuja kwa miguu na daftari basi, na hilo laniuma mpaka leo, manake mwanafunzi anaelala kwao hana chumba pale, hana loka, alichokuja nacho ndo hicho kilioko nje, na kikipotea hakupotea chombo, yeye mwenyewe ndo karudi nyumbani.

Nilikuwa nikiiweka nyuma ya tangi la maji, chini ya mwarobaini. Alienipa hiyo nafasi ni soja, mlinzi wa usiku, mzee mmoja wa kwa Ganda, Mgiriama, mtu wa maneno machache sana. Siku ya kwanza aliniona nazunguka zunguka, akasogeza fagio lake na debe, akanionesha kwa kidevu, weka hapo. Nami kila asubuhi nikampitishia mahamri mawili kwenye gazeti. Hatukuwahi kukubaliana hayo, yalikwenda tu.

Alafu ikabandikwa karatasi kwa ubao. Kuanzia Jumatatu pikipiki za wanafunzi haziingii ndani. Nani aliamua na kwa sababu gani hatukuambiwa. Na Jumatatu hiyo ndo mtihani unaanza.

Ilikuwa Disemba, kaskazi ishashika, jua la Malindi mnalijua. Nilifika saa mbili na dakika ishirini, mtihani ni saa mbili unusu, ukichelewa nusu saa karatasi yako imekwenda. Getini kuna soja mpya wa mchana, kijana kama mimi, akaniambia bro hapa mimi nimeandikiwa tu, ukiingia nafutwa. Skumlaumu na simlaumu. Lakini nje ni barabara, na mwezi ule pekee zishabebwa pikipiki mbili pale pale ukutani, mchana kweupe. Loki ya usukani mtu aivunja kwa teke moja. Bima yangu ilikuwa thedi pati, ukiibiwa hailipi kitu. Nikasimama na helmeti mkononi, nikamuona mamangu mbele ya wenziwe kwenye chama, kila Jumamosi, akieleza.

Yule mzee alikuwa ashamaliza zamu tangu saa mbili. Skujua kwa nini alikuwa hajaondoka, labda alingoja mahamri, labda alingoja kunieleza ile habari ya karatasi. Alikuwa na tochi na shati la kazi ndani ya mfuko wa rambo. Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akasema, "Enda ukaandike."

Nkamwambia, "Baba, wewe hujalala."

"Enda. Mimi naikalia."

Nikaibana ukutani kwenye kivuli cha mwarobaini wa jirani, nikafunga usukani, nikatia funguo mfukoni, nikakimbia. Hesabu za biashara, saa mbili nzima, na hata swali moja leo silikumbuki.

Ninachokumbuka ni nilivotoka. Kivuli kilikuwa kishajikunja chote kwenye shina la mti, na pikipiki iko juani kabisa, na yeye yuko juu yake. Amekaa wima kama mtu anaesafiri, miguu yote chini, kifua wazi ndani ya fulana iliolowa ikawa rangi ya maji ya madafu. Kichwani hana kitu. Lile shati la kazi alikuwa amelikunjua akalifunika tangi, amelipanga sawasawa, mikono amezingirisha huku na huku, na kiganja chake kimoja kiko juu ya shati, kimetulia, vile mtu anavomuwekea mtoto mgonjwa mkono. Midomo imekauka imefanya ukungu mweupe. Macho mekundu, lakini yako wazi.

Nkamuuliza mbona hukuisogeza kivulini baba. Hakujibu. Akaangalia usukani tu.

Ndo nikajua. Usukani nimeufunga mimi, umekunjwa upande mmoja, na funguo ninazo mimi mfukoni, saa mbili nzima zilikuwa zikinichoma pajani nikiandika. Kivuli kilipoondoka yeye hakuweza kuisogeza hata hatua moja. Angeweza kuiacha akakaa yeye chini ya mti, ni hatua nne, nimezihesabu. Hakukaa.

Akaniuliza, "Umeandika?"

Nkamwambia nimeandika.

"Haya."

Nilimpakia nikamrudisha kwao Ganda. Njiani nikahisi kipaji chake kimegusa mgongo wangu, alafu kikatulia, kumbe usingizi umemchukua, nikapunguza mwendo hadi matuktuk yakawa yanapita yanipigia honi. Mkono mmoja nimeshika usukani na mwengine nimemshika yeye kiuno asianguke. Kufika nikamtolea shilingi 200, akazikunja akanirudishia kwenye mfuko wa shati langu, akaingia ndani.

Hayo mengine ni ya haraka. Mitihani iliobaki dadangu alikuja kuikalia pikipiki, na mwavuli. Mkopo ukaisha, logbuku mamangu akailaza chini ya godoro, nikamaliza chuo, Boxer nikaiuza. Lakini yule mzee, muhula ulipofunguliwa Januari hakuweko getini. Nikaambiwa kampuni imemhamisha. Nikauliza wapi, hakuna alojua. Nilienda Ganda mara mbili, mara ya pili nyumba nikaikuta imefungwa kwa nje, jirani akasema huenda wamerudi kwao upande wa Marafa. Kama alihamishwa kwa sababu ya ile siku, kukutwa nje ya geti ashatoka zamu, na pikipiki ya mwanafunzi, mimi sijui. Nimejiuliza sana. Jina lake la pili pia sijui, nilimuita baba tu siku zote.

Leo asubuhi kabla ya kumpigia yule mtoto nikapita kampasi. Geti wamelipaka rangi, mawe ya chokaa yako pale pale, magari mazuri zaidi, na ukutani nje nikazihesabu pikipiki kumi na moja, zimebanana, mbili zimefungwa mnyororo pamoja. Nikaomba kuingia, nikasimama kwenye nafasi moja ya gari ilio tupu nikaipima kwa miguu. Pikipiki nne zinakaa pale bila kugusana, tano ukizipanga vizuri. Nafasi tatu za magari na zote zile za nje zimeingia ndani.

Nikamwambia soja nataka kumuona msimamizi. Akapiga simu, akaniambia hayuko, nirudi Alhamisi.

Nikampigia mtoto. Nkamwambia usilipe kitu bado, ngoja Alhamisi.