Sahani kumi na nne

Jumanne nilikuwa Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwa mama mmoja muuza samaki. Friza lake linanguruma usiku kucha ila haligandishi kitu, gesi imevuja. Nimeinama nyuma ya friza, tochi mdomoni, kijana wake akaniletea simu usoni: mtu anakata samaki mbichi vipande vyembamba, anaweka juu ya kitonge cha wali, anameza.

"Fundi, wewe si ulifika Japani? Hii si tunaweza kufanya na samaki wetu mgebuka?"

Nilisema hapana kwa sauti mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Sababu nitaitoa, lakini ngoja nianzie Osaka. Hadithi hii nimeisimulia vijiwe vyote kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi, na kila mtu sasa anaisimulia anavyotaka yeye. Kuna wanaosema nililishwa na roboti.

Mwaka 2019 nilipata nafasi ya mafunzo ya majokofu, wiki sita. Tulikuwa tisa, kila mtu na nchi yake. Aliyenikaa rohoni ni Mzambia mmoja wa Mpulungu, yaani jirani kabisa, ziwa letu ni moja, Tanganyika, yeye yuko tu upande wa kusini. Siku ya kwanza tulibishana mpaka usiku. Mimi nasema mgebuka, yeye anasema bukabuka. Mimi dagaa, yeye kapenta. Nikamwambia ukija Burundi utakuta wanamwita mukeke. Samaki ni yuleyule na wala hana habari.

Jumamosi moja tukaenda kwenye sushi ya kuzunguka, yaani vile vitonge vya wali na samaki vinakupitia mezani juu ya mkanda, wenyewe wanaiita kaiten-zushi. Msidhani ni mahali pa wenye pesa. Palikuwa na familia zenye watoto wadogo, wanafunzi na sare zao, na bibi mmoja peke yake na gazeti lake. Sahani moja yenye vitonge viwili ilikuwa yeni 100 na kodi juu, kwa hela yetu ya wakati ule elfu mbili na kidogo. Tulipoingia, wahudumu walitupigia kelele ya karibu, wote kwa mpigo. Halafu basi. Tukakaa, hakuna aliyekuja kuuliza mnakula nini.

Sasa mimi mtu wa Kigoma sianzi kula bila kunawa. Natazama huku na huku, sioni beseni, sioni birika. Nikaona kibomba kidogo pembeni ya meza na kitufe cheusi chini yake. Nikamshukuru Mungu, nikaweka vidole, nikabonyeza.

Yalikuwa maji ya chai.

Kila meza ina bomba lake la maji ya moto na kopo la unga wa chai ya kijani, mtu anajikorogea. Mtoto wa meza ya pili alicheka mpaka akakohoa. Mama yake akamkata jicho, kisha akanisogezea glasi yake ya maji ya barafu akanionyesha kwa ishara nitumbukize vidole. Nilikaa hivyo dakika tano, mkono kwenye glasi ya mtu nisiyemjua, Mzambia wangu akiwa tayari yuko sahani ya tatu.

Nikiwa nimetulia hivyo ndipo nikautazama mkanda vizuri. Unapita kando ya meza zote na kurudi jikoni, juu yake sahani zimepangana. Mwendo wake ni kama sentimita 8 kwa sekunde: ukipepesa macho haukuachi, ukifikiria sana umeshakuacha. Na ukiachwa usihuzunike, utazunguka urudi. Chini ya sahani kuna kifaa kidogo kinachosomwa na mashine, kwa hiyo sahani iliyozunguka kupita kiasi inaondolewa yenyewe kabla haijamfikia mteja. Hapo nilisahau vidole nikainama kuchungulia chini ya meza, mpaka Mzambia akanivuta shati.

Mwalimu wetu alitueleza asili yake. Mwenye wazo alikuwa Yoshiaki Shiraishi, alikuwa na mgahawa wa sushi na wafanyakazi hawamtoshi. Akaenda kutembelea kiwanda cha bia cha Asahi, akaona chupa zinavyosafiri kwenye mkanda. Mwaka 1958 akafungua mgahawa wa kwanza wa kuzunguka, Higashi-Osaka, jirani na tulipokuwa tunasoma. Mwaka 1970 maonyesho ya dunia yalipofanyika Osaka, mambo yakapamba moto. Mtu anatazama chupa za bia, anaona samaki! Mimi nimetazama mikanda ya mashine za kukoboa mpunga tangu utoto, sikuwahi kuona hata dagaa mmoja.

Hesabu yao ilinifurahisha kuliko vyote, maana ni ya kwetu. Sahani ukishamaliza unaipandisha juu ya mwenzake, mwisho anakuja dada mmoja, anahesabu, unalipa. Ni njiti za mishikaki kabisa! Tofauti ni kwamba njiti unaweza kuidondosha chini ya benchi kwa bahati mbaya. Sahani utaificha wapi?

Nilianza na mayai, yale yao yana sukari. Kisha kamba wa kuchemsha. Kisha mkunga wa kuchoma, ana mchuzi mtamu mweusi, huyo nilimrudia mara tatu. Jodari mbichi alipita mbele yangu, mwekundu kama nyama ya ng'ombe, nikamwacha. Akapita wa pili, nikamwacha. Wa tatu Mzambia akaniuliza kama baba yangu alikuwa mvuvi kweli au nilimdanganya. Nikachukua, na kwa mkono, kwa sababu sushi hata wao wanakula kwa mkono na hakuna anayekushangaa.

Nilitafuta shombo, sikuipata. Ni baridi kidogo, laini, kama parachichi lililoiva ukilipaka chumvi. Sikusema kitu. Nikachukua mwingine.

Sasa wewe kijana wa Mwanga, nisikilize. Usione kisu na wali ukadhani ndiyo habari nzima, habari nzima ni baridi. Samaki wa baharini nao wana minyoo, na dawa yake ni kuwagandisha: nyuzi 20 chini ya sifuri, saa 24 kamili, mpaka kati. Jodari wengi wanagandishwa hukohuko melini kwa nyuzi 60 chini ya sifuri. Tulionyeshwa chumba cha namna hiyo. Nilikaa humo kidogo tu, nywele za pua zikawa sindano. Kutoka melini mpaka kwenye kisu, baridi haikatiki. Samaki wa mtoni na ziwani wana minyoo yao tena, na Wajapani wenyewe, kwa kawaida, samaki wa namna hiyo aliyevuliwa hivihivi hawamli mbichi. Mgebuka wetu anavuliwa usiku, anafika mwaloni asubuhi amelala tumboni mwa mtumbwi, jua limeshatoka. Na friza la mama yako nililipima: nyuzi 4 juu ya sifuri. Hilo ni kabati, si friza. Mgebuka mkaange kwa mawese kama babu zako.

Niliporudi nilimsimulia mama yangu. Yeye anaanika dagaa Kibirizi tangu sijazaliwa. Alikuwa anachambua, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo watu wamekaa, samaki ndio wanazunguka?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi dagaa wamelala mchangani, nawazunguka mimi kutwa nzima na kunguru juu." Akachambua kidogo. "Na nyongeza unamwomba nani?"

"Hakuna nyongeza, mama."

"Ulikula sahani ngapi?"

"Kumi na nne."

"Ukashiba?"

Nikamwambia ukweli, kwamba tukirudi tulipitia dukani tukanunua mkate. Akatikisa kichwa. Kisha akaacha kuchambua kabisa, akanitazama.

"Na umeme ukikatika, baba? Samaki wanasimama hapohapo walipo?"

Wakati ule mjini tunaishi kwa majenereta, lilikuwa swali la haki. Nikamwambia mama, nimekaa wiki sita, umeme haukukatika hata mara moja.

Samaki mbichi aliwakubali. Mkanda aliukubali, na vidole vyangu alivicheka mpaka machozi. Hilo la umeme mpaka leo anawaambia wenzake mwaloni kwamba mwanangu alikwenda kweli Japani, ila hapo alitia chumvi.