Picha za Kihindi kuhusu ughaibuni: zipi zinasema kweli

Kuna dakika chache ndani ya English Vinglish (2012) ambazo kila anayehamia nchi ya watu angefaa kuziona kabla ya kupanda ndege. Shashi, mama wa nyumbani kutoka India anayechezwa na Sridevi, anaingia peke yake kwenye mgahawa wa kahawa New York. Anataka kahawa tu. Mhudumu anamtajia aina za kahawa asizowahi kuzisikia, haraka haraka, na nyuma yake watu wanasubiri. Shashi anababaika, anageuka atoke, anagongana na mtu, vyombo vinaanguka. Anaishia nje akilia. Hakuna jambazi wala kofi. Ni kaunta, na mtu mzima anayeheshimika kwao ambaye amepungukiwa maneno manne.

Nasema manne kwa kuyahesabu. Kiingereza cha shule kina sentensi kamili, kaunta haina. Unaulizwa neno moja moja tena limemezwa nusu, na ukiomba lirudiwe linarudi kwa kasi ileile. Dawa ni kuwahi. Kabla hujaulizwa, taja yote kwa mkupuo: jina la kinywaji, ukubwa, aina ya maziwa, na kama unanywa hapo au unaondoka nacho. Ukiyasema kwa mpangilio huo, mhudumu hana la kuuliza ila pesa. Duka la dawa, benki na kituo cha treni navyo vina maswali yao yasiyozidi matano, na yanajirudia kila siku. Mgeni akiyajua maswali kabla ya majibu, nusu ya hofu inaondoka.

Shashi anajiunga kwa siri na darasa la Kiingereza la wiki nne. Watu hulalamika kwamba wiki nne haziwezi kumfanya mtu asimame kwenye harusi na kuhutubia. Mimi naona picha imelipima vizuri jambo hilo. Sikiliza hotuba yake ya mwisho: sentensi fupi, maneno ya kila siku, anasimama anapotafuta neno kisha anaendelea. Hicho ndicho kiwango anachoweza kufikia mtu mwenye bidii ambaye tayari alikuwa akiisikia lugha hiyo nyumbani kwake kila siku. Ninachokilalamikia mimi ni kijana mweusi wa darasani, ambaye amepewa maneno machache mno kuliko wenzake. Mwandishi aliyeweza kumpa uhai dereva wa teksi Mpakistani na yaya wa Mexico angeweza na kwake pia.

Haya, tukitoka kwenye lugha tunaingia kwenye makaratasi, na hapo picha nyingi za Kihindi hukimbia. Stelingi anatua London au Switzerland kama anayekwenda sokoni. Viza hakuna anayeitaja. Kabhi Khushi Kabhie Gham (2001) ndiyo mfano wake: watu wanahamia London na siku inayofuata wana nyumba nzuri na mavazi ya kubadilisha kila wimbo. Hata jumba la familia ambalo kwenye hadithi liko India, kwa nje ni Waddesdon Manor, jumba la kitajiri la mashambani Uingereza. Picha ni tamu na nyimbo zake bado zinapigwa kwenye harusi za Pwani. Ila mdogo wako aliyeko nyumbani akikuuliza maisha ya huku yakoje, usimwonyeshe hiyo.

Mwonyeshe Dunki (2023) ya Rajkumar Hirani. Jina lenyewe ni matamshi ya Kipunjabi ya neno la Kiingereza la punda, na maana yake ni ile tunayoiita njia za panya: kuvuka nchi moja baada ya nyingine bila kibali hadi ufike unakokutaka. Vijana wa kijiji kimoja cha Punjab, jimbo la kaskazini mwa India, wanataka London. Wanaanza kwa njia halali, na inagota kwenye mtihani wa Kiingereza. Mtihani huo, IELTS, una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Picha inachekesha sana hapo, lakini kosa inaloonyesha ni la kweli na hata kwetu lipo: wanafunzi wanakariri majibu. Mtahini akigeuza swali kidogo, kila kitu kinaporomoka, kwa sababu sehemu ya kuzungumza ni mtu na mtu ana kwa ana na jibu la kukariri linasikika mara moja.

Sehemu nzito zaidi ya Dunki ni ile ya hifadhi ya ukimbizi, na ningependa kila anayeshauriwa na dalali aitazame mara mbili. Baada ya kuvuka milima na jangwa na kuwazika wenzao njiani, waliofika London wanaambiwa waseme mahakamani kwamba maisha yao yako hatarini India. Hardy, anayechezwa na Shah Rukh Khan, anakataa kuisingizia nchi yake. Wenzake wanakubali, wanapewa hifadhi, na kwa miaka mingi wanaishi. Kisha uzee unakuja, wanataka kwenda kwao, na mlango umefungwa.

Hilo si chumvi ya sinema. Hapa Uingereza anayepewa hadhi ya ukimbizi hupata hati ya kusafiria ambayo haitumiki kwenda nchi aliyosema ameikimbia. Akirudi huko kwa pasipoti ya zamani, serikali inaweza kuiangalia upya hadhi yake na hata kuifuta. Kwa aliyekimbia kweli, hati hiyo ni ngao. Kwa aliyetunga hadithi kwa ushauri wa dalali, maana yake ni kumzika mama kwa simu ya video. Dalali hasemi sehemu hiyo. Hirani ameisema, na kwa hilo namsamehe mengine yote, hata tabia yake ya kubandika kichekesho mahali ambapo machozi hayajakauka.

Airlift (2016) inahusu Kuwait ya Agosti 1990, Iraq ilipoivamia. India iliwaondoa raia wake takriban 170,000, wengi wao kwa ndege za Air India kutoka Amman, Jordan. Kwa ndugu zetu wengi walioko Ghuba hii ni picha ya kutazama kwa makini: pasipoti iko kwa mwajiri, mwajiri amekimbia, benki zimefungwa, na fedha uliyonayo mfukoni ghafla haina thamani. Akshay Kumar anacheza vizuri. Malalamiko yangu ni mawili. Wafanyakazi wa chini, ambao ndio waliokuwa wengi, wamegeuzwa umati wa nyuma, na tajiri mmoja kapewa kazi ya wengi. Pili, mmoja wa watu halisi waliolifanya jambo hilo alikuwa Mathunny Mathews, mtu wa Kerala, jimbo ambalo limepeleka vibarua wengi mno Ghuba. Kwenye picha, stelingi ni Mpunjabi. Wanadiplomasia wa India nao walilalamika kwamba wizara yao imechorwa kama ya wavivu.

Dilwale Dulhania Le Jayenge (1995) wengi wanaikumbuka kwa mapenzi ya Raj na Simran, kwa garimoshi, kwa mkono ulionyooshwa mlangoni. Kwa mtu wa ughaibuni mhusika mkuu ni baba, Baldev Singh, aliyechezwa na Amrish Puri. Ana duka dogo London. Picha inapoanza anawalisha njiwa Trafalgar Square na moyo wake uko Punjab. Huyu mzee namwona kila mtaa wenye wageni. Ameibeba nchi yake kama ilivyokuwa siku aliyoondoka, ameifungia ndani ya nyumba, na binti zake wanalelewa kwa sheria za kijiji ambacho chenyewe kimeshabadilika. Mama na mabinti wakisikia anaingia, muziki unazimwa. Ahadi ya kumwoza Simran aliitoa kwa rafiki yake zamani, na kwake ahadi ni ahadi hata kama anayeozwa hajaulizwa.

Raj angeweza kutoroka na Simran, na mama mtu mwenyewe anawasihi waondoke. Anakataa, anataka ridhaa ya mzee. Vijana wa sasa wanaliona hilo kuwa udhaifu. Mimi naona ndipo picha ilipopata nguvu ya kuonyeshwa ukumbi wa Maratha Mandir, Mumbai, kwa zaidi ya wiki 1,000: imewapa vijana penzi lao bila kumvunja mzazi. Kasoro yake ni pesa. Raj kafeli chuo, baba yake anashangilia, na bado wanaishi kama wafalme. Mtoto wa duka la Baldev asingepewa nafasi hiyo, na picha haitaki kulijadili.

Hapo pia ujue tafsiri inakunyima nini. Kihindi kina viwango vitatu vya "wewe": *tu* kwa mtu wa karibu sana au unayemdharau, *tum* kwa rafiki, *aap* kwa heshima. Maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha yanaweka neno moja kwa yote. Mtu anapotoka *aap* kwenda *tum* ni kama kwetu kijana kuacha kumwamkia mtu shikamoo: kuna jambo limetokea, na asiyesikia hilo neno hatajua ugomvi au penzi limeanza wapi. Bahati yetu ni kwamba sikio la Mswahili linashika mengi bila kusoma. *Duniya, waqt, khabar, safar, kitab, dukan, rang, rooh, haq*: dunia, wakati, habari, safari, kitabu, duka, rangi, roho, haki. Kiarabu na Kiajemi vimepita kwao na kwetu. Wazee wetu waliojaa kumbi za Unguja na Dar es Salaam bila kujua Kihindi hawakuwa wakibahatisha kila kitu, na watunzi wa taarabu walijua wanachofanya walipoazima tuni za huko.

Sasa Swades (2004) ya Ashutosh Gowariker, ambayo naiweka juu ya zote. Ni zaidi ya saa tatu na haikimbii. Mohan Bhargava, Shah Rukh Khan tena, ni mhandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, kwenye mradi wa setilaiti ya kupima mvua duniani. Mradi huo ni wa kweli, na setilaiti yenyewe ilirushwa 2014, miaka kumi baada ya picha. Anakwenda India kumchukua Kaveri Amma, mama aliyemlea, na anafikia kwenye gari la kulala ndani, amebeba maji ya chupa.

Tazama mkono wake kwenye kituo cha treni. Ametoka kwa mkulima maskini aliyeshindwa kulipa kodi ya shamba. Treni imesimama, mtoto anapita dirishani akiuza maji kwenye vikombe vya udongo, robo rupia kimoja. Mohan anakitazama kile kikombe, anatoa sarafu, anakunywa. Maneno hayapo. Tangu mwanzo wa picha amekuwa akinywa maji ya chupa tu. Shah Rukh Khan, mtu wa kufungua mikono na kutabasamu, hapo hafanyi chochote ila kumeza, na machozi yanamlenga.

Kisha anaamua kijiji kizalishe umeme wake kutoka chemchemi ya kilimani. Wapo wanaosema ni ndoto za sinema. Tupige hesabu. Nguvu ya maji kwa wati ni lita kwa sekunde, zidisha kwa mita za mteremko, zidisha kwa 9.8, halafu toa hasara. Chukua lita 20 kwa sekunde na mteremko wa mita 30: unapata wati 5,880. Bomba, tabo (gurudumu linalozungushwa na maji) na jenereta vikila nusu, zinabaki kama 2,900. Hizo zinawasha takriban taa 50 za kizamani za wati 60, au zaidi ya 300 za LED za wati 9. Kwa kijiji kidogo chenye taa tu, inatosha. Kwa hiyo picha haidanganyi. Ilichoacha ni mwaka wa pili: majani yanayoziba mdomo wa bomba kila mvua, beringi zinazokwisha, na nani anachangisha pesa ya kununua nyingine. Miradi mingi inayoletwa na watoto wa ughaibuni hufia hapo. Ukipeleka mtambo kijijini kwenu, peleka na beringi za akiba, mfundishe mtu zaidi ya mmoja kuzibadilisha, na waanze kuchanga mapema, kabla haujaharibika.

Jambo jingine wanalolipita wengi: Mohan harudi kwa jazba. Anakwenda kwanza Marekani, anamaliza kazi aliyoianza, ndipo anaacha. A. R. Rahman anaimba mwenyewe ule wimbo wa kumwita, na zumari la shehnai linaingia polepole. Usitazame sehemu hiyo ukiwa na tiketi nusu bei mbele yako.

Ya mwisho ni ya zamani, Naam (1986) ya Mahesh Bhatt, na kusema kweli hadithi yake ya magenge ya Hong Kong imechakaa. Itafute kwa ajili ya wimbo mmoja. Pankaj Udhas, aliyefariki Februari 2024, anakaa jukwaani na harmonia mbele ya watu wa India walioko ugenini, anaimba barua ya baba kutoka nyumbani. Barua haiombi pesa. Inasema pesa umepata nyingi, na pesa hizo ndizo zilizokutoa kwenu. Chakula hatuli sawasawa, usingizi hatupati, rudi. Kamera inapita kwenye nyuso za wasikilizaji mmoja mmoja, wanaume wazima wenye suti, na kila uso unakunjika kwa namna yake.

Wanaofanya kazi za zamu wasiuogope urefu wa saa tatu. Karibu picha zote hizi zina mapumziko katikati, na hadithi imekatwa makusudi hapo. Tazama nusu leo, nusu kesho, hutapoteza uzi. Chagua nakala inayotafsiri na nyimbo, maana nakala nyingi za bure huziacha kapa, na kwenye Naam ukikosa maneno ya wimbo umekosa picha nzima. Na kama unaye mzazi nyumbani anayependa picha za Kihindi, anzisheni Swades pamoja kwa simu, kila mtu kwake. Mwulize anaonaje Kaveri Amma kukataa kuhamia Marekani.