Kabla ya Kubadilisha Ekzosi ya Lori, Nilifunga Geji

Kwa miezi kadhaa lori langu la dizeli lilikuwa halivuti. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, lakini lilipofika mlimani likiwa na mzigo nililazimika kurudisha gia mapema kuliko zamani, turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini) ilichelewa kuitika, na moshi mweusi ulijaa kwenye kioo cha pembeni. Kichujio cha hewa kilikuwa kipya na mipira ya turbo haikuvuja. Karibu kila niliyemweleza alinishauri niweke bomba kubwa la nyuma la ekzosi. Ushauri huo ulikuwa na mantiki yake, ila hakuna aliyeweza kunionyesha moshi ulikuwa unakwama wapi, nami sikutaka kulipia bomba jipya kisha nibaki na ugonjwa uleule.

Pistoni inapopanda kuutoa moshi hutumia nguvu ya injini yenyewe, na njia ikibana, sehemu ya nguvu iliyopaswa kufika kwenye magurudumu huishia katika kazi hiyo, huku moshi unaobaki ndani ya silinda ukichukua nafasi ya hewa safi. Injini yenye turbo huumia zaidi, kwa sababu turbo huzungushwa na tofauti ya msukumo kati ya moshi unaoingia na ule unaotoka. Msukumo ukipanda upande wa kutokea, turbo huzunguka kivivu, hewa hupungua, na dizeli iliyokosa hewa ya kutosha hugeuka masizi.

Fundi wangu alichomelea nati ndogo kwenye bomba, nyuma kidogo ya turbo, na nyingine nyuma ya sailensa, yaani kopo la kupunguza kelele. (Nyaya za betri tulizitoa kwanza, kwani umeme wa kuchomelea unaweza kuharibu kompyuta ya gari.) Kisha tulivuta bomba jembamba la shaba hadi kwenye kabini, tukafunga geji ya kupima msukumo wa moshi, na kupanda mlima uleule kwa mzigo uleule. Kwenye nati ya mbele sindano ilipita pauni 6 kwa inchi ya mraba. Kwenye nati ya nyuma haikufika pauni moja. Kizuizi kilikuwa katikati.

Sailensa ilipofunguliwa na kutikiswa ililia kama kayamba. Tuliikata, tukakuta bomba la matundu lililo ndani limechomoka na kulala kando, likiwa limeziba karibu nusu ya njia. Kona iliyokuwa mbele yake nayo ilikuwa imepindwa kwa mashine ya kubana: bomba la inchi 2.5 lilikuwa limebonyea pale kwenye mkunjo hadi kubaki inchi 1.75 kwa upande mmoja. Ningenunua bomba pana la nyuma peke yake, kama nilivyoshauriwa, vitu hivyo viwili vingebaki mahali pake.

Tuliweka bomba la inchi 3 kuanzia kwenye turbo, lenye kona zilizopindwa bila kubonyea, pamoja na sailensa ambayo moshi hupita ndani yake moja kwa moja. Nusu inchi huonekana ndogo, lakini nafasi ya kupitisha moshi huongezeka kwa asilimia 44. Inchi 4 niliikataa kwa sababu ingesogelea mno shafti na mabomba ya breki, na joto la ekzosi si la kuchezea. Mwenye injini ya petroli isiyo na turbo anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, maana bomba pana kupita kiasi hupunguza mwendo wa moshi, na gari hupoteza mvuto kwenye resi ya chini.

Masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi, sikuyagusa. Kuyatoa ni kosa la kisheria katika nchi nyingi, na kizuizi tulikuwa tumekwisha kukiona kwenye sailensa na kona.

Wakati wa kufunga tuliacha bolti zote zikiwa legelege mpaka mabomba yalipokaa sawa kwenye hanga za mpira, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka, na bomba lililofungwa kwa kulazimishwa hupasuka kwenye maungio. Baada ya turbo tuliweka kipande kinachonyumbulika ili kupokea mtikisiko wa injini. Injini ikiwa ya baridi, tuliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa na kupaka maji ya sabuni kwenye kila ungio. Flenji moja, yaani sahani ya kuungia mabomba, ilitoa mapovu, tukabadilisha gasketi. Uvujaji wa namna hiyo haupuuzwi, kwani ndani ya moshi mna gesi ya sumu isiyo na harufu, nayo ikijaa kwenye kabini inaweza kuua.

Kwenye mlima uleule sindano sasa inakaa chini ya pauni 2, turbo inaitika mapema, na gia moja inatosha pale nilipokuwa nikirudisha mbili. Nguvu za farasi sikuzipima, kwa hiyo sitataja namba. Nati mbili za geji niliziziba kwa bolti badala ya kuzikata, na lile bomba la shaba nimelikunja chini ya kiti.