Usiku mmoja majini: nilivyolowesha mbegu za mpunga Mwakirunge

Shamba letu liko Mwakirunge, Kisauni ya ndani, pale Mombasa ya magorofa inapoishia na minazi na mihogo ikaanza. Kipande nilichopewa mimi ni robo ekari, bondeni, hakina mfereji wala pampu. Mvua ya mwaka ikinyesha napanda, isiponyesha nangoja. Nalitanguliza hili kwa sababu mwenye majaruba, yale mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa matuta, anayafungulia maji atakapo, na mafunzo mengi ya kulowesha mbegu niliyoyasikia ni yake yeye, si yangu mimi.

Msimu wa kwanza niliyafuata hayo hayo. Wenye vitalu huziweka mbegu majini siku moja, kisha huzifunika kwenye gunia bichi siku nyingine mpaka zichipue. Mimi nikaona nikizidisha nitapata zaidi, nikaziacha majini siku mbili kabla ya kuzitia guniani. Zilichipua, kila punje na kimzizi cheupe mfano wa uzi, na nilifurahi sana kuziona. Nikapanda Ijumaa baada ya swala. Jumapili mvua ikakata, jua likawaka siku tisa mfululizo. Nilipofukua mashimo kutazama, vile vimizizi vilikuwa vya kahawia, vimenyauka, vikikatika ukivigusa. Kilo sita za mbegu zilipotea zote, na mbegu ile niliinunua kwa pesa.

Shangazi yangu, ambaye amelima mpunga tangu mimi sijazaliwa, alikuja kutazama. Nilimwamkia, akaitikia, akachutama akachukua punje moja akaifikicha.

"Mwanangu, hii mbegu uliitoa lini majini?"

"Siku ya pili, shangazi, jioni."

"Basi ulikuwa ushaizalisha. Mtoto akitoka hawezi kurudi tumboni. Itie majini usiku mmoja, uitoe ingali na mimba."

Maneno yale nimeyakuta baadaye yakilingana sawasawa na maelezo ya wataalamu. Punje kavu ya mpunga ikiingia majini hunywa kwa pupa saa za mwanzo. Kisha hutulia, kwa nje huoni kitu, lakini ndani kiini kimeamka na wanga umeanza kugeuzwa sukari. Mwisho ndipo mzizi unapotoboa ganda. Ukiitoa katika kile kipindi cha utulivu ukaikausha, mbegu husimama pale ilipofika, na ikipata unyevu wa udongo huendelea bila kuanza upya. Mzizi ukishatoboa, hakuna kusimama tena. Mpunga usiachwe majini zaidi ya saa 24, na kwa joto letu la pwani mimi sifiki hata huko.

Msimu uliofuata nikapanga kazi upya. Mbegu yangu ni NERICA 4, mpunga wa nchi kavu uliotokana na kuchanganya mpunga wa Kiafrika na wa Kiasia. Kwanza niliondoa mapepe, yaani punje tupu. Nilikoroga chumvi kwenye ndoo ya maji mpaka yai bichi likaelea na kuonyesha mgongo kidogo, nikamwaga mbegu, nikakoroga kwa mkono. Zilizoelea nikazichota nikawapa kuku. Zilizozama nikazisuuza maji mawili, upesi, chumvi isikae.

Hapa kwenye maji nataka niseme kwa kirefu, maana sisi wa Mombasa tuna shida yetu wenyewe. Kisima cha karibu nami maji yake yana munyu. Unaoga nayo, sabuni haitoi povu. Nilitaka kujua kama yanafaa. Nikahesabu punje mia moja nikazilowesha kwa maji ya kisima, na mia nyingine kwa maji ya mvua niliyoyakinga kwenye pipa, kisha zote nikazikunjia vitambaa vibichi, kila kimoja kwa maji yake. Siku ya nne za mvua zilikuwa zimechipua karibu zote. Za kisima zilikuwa nusu tu, na vimizizi vifupi. Maji ya chumvi hayapenyi kwenye punje kwa wepesi, na mche mchanga wa mpunga ni dhaifu sana mbele ya chumvi. Tangu hapo nalowesha kwa maji ya mvua, na yakikosekana nanunua mtungi wa maji yasiyo na munyu kwa mwenye mkokoteni. Mtungi mmoja unatosha na kubaki.

Nilizitia majini baada ya Magharibi, maji mara mbili ya ujazo wa mbegu, kwenye beseni pana. Alfajiri nilipoamka, maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai nyepesi, yananuka mabua. Nikayamwaga nikatia mengine. Saa mbili asubuhi nikazitoa. Nilipasua punje chache kwa ukucha: ganda limelainika, na pale kwenye ncha kiini kimevimba, cheupe, hakijatokeza. Nikazitandaza kwenye jamvi chini ya mwembe, kivulini kabisa, nikizigeuza kwa kiganja kila baada ya muda. Juani zingekauka haraka mno na kuungua. Adhuhuri zilikuwa hazigandi tena mkononi, zinapita kwenye vidole kama zilivyokuwa kavu. Alasiri nikapanda, mashimo ya kina cha vidole viwili, punje nne nne, mstari hadi mstari sentimita 25.

Mistari mitatu ya kando niliipanda mbegu kavu, makusudi. Mbegu iliyolala majini ilitokeza siku ya tano, mstari mzima kwa pamoja. Ile kavu ilianza siku ya nane na ikaendelea kutoka mmoja mmoja hadi wiki ya pili. Siku tatu zaweza kuonekana chache, lakini kwangu ni nyingi, kwa sababu ya kunguru. Hawa wa shingo ya kijivu waliojaa Mombasa huifuata mistari na kufukua punje, na mche ukishakamata hawauwezi tena. Halafu kuna magugu, hasa ndago. Mpunga uliotoka sawasawa nauona mstari wake mapema, naingia na jembe wiki ya tatu bila kuogopa kukata miche. Kwenye ile mistari mikavu ilinibidi ning'oe kwa mkono, nimeinama, huku natafuta mpunga uko wapi.

Msimu mwingine mvua ilikatika tena, siku sita hivi, mara tu baada ya kupanda. Mbegu ilistahimili ardhini. Nilifukua shimo moja siku ya tatu ya ukame nikaikuta punje ni nzima, ngumu, inangoja.

Mbegu mbaya haipewi uhai na maji. Niliwahi kulowesha mpunga wa miaka miwili uliokaa kwenye gunia darini, ukaota kidogo vile vile. Kwa hiyo naanza na punje mia kwenye kitambaa, zikipungua themanini natafuta mbegu nyingine.

Zilizobaki siku ile, yapata kibaba, nilizianika vizuri nikaziweka kwenye chupa. Vuli nilipozijaribu, nyingi hazikuota. Sasa nalowesha za kupanda siku hiyo tu, na kando naweka kibaba cha mbegu kavu cha kujazia mapengo.