Pikipiki 18 Hadi Kaboya

Tuliondoka Mwanza Julai 24, saa 12 na robo asubuhi, pikipiki 18 na pikapu moja nyuma. Safari ilikuwa ya Kaboya, wilaya ya Muleba, walikozikwa askari zaidi ya 600 wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Siku ya Mashujaa ni Julai 25, na mpango ulikuwa kulala Muleba ili kesho yake tufike makaburini asubuhi na mapema.

Mpaka Bukoba ni karibu kilometa 400. Dereva mmoja peke yake anazimaliza mchana mmoja, tena bila haraka. Msafara una hesabu zake. Mnakwenda 70 kwa saa, lakini ukitoa vituo vya mafuta, chai, matuta na tochi za trafiki, wastani unashuka hadi 40 na kidogo. Aliyepanga kwa 70 atawafikisha watu usiku.

Kosa la kwanza la misafara mingi ni kuziweka pikipiki ndogo mwisho. Wa mbele anapopunguza kwenye tuta, wa kumi anakanyaga breki, wa kumi na nane anasimama kabisa. Wa mbele akishaondoka, yule wa mwisho ameachwa mita 300 na lazima akimbize injini ya cc 125 kwa nguvu zake zote. Sisi tuliziweka ndogo mara tu baada ya kiongozi, zile za cc 250 zikafuata nyuma. Mwendo ukawa wa aliye dhaifu, na hakuna aliyekimbizwa. Tulikaa zigizaga, mmoja kulia mmoja kushoto, sekunde 2 kutoka kwa aliye mbele yako kwenye mstari wako. Zigizaga hiyo huvunjwa kwenye kona kali na kwenye upepo.

Na upepo ulikuwepo darajani. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilometa 3 juu ya maji, na upepo wa ziwa unakuja ubavuni. Pikipiki nyepesi yenye mzigo mpana inasukumwa hata nusu mita bila dereva kutaka. Tulivuka mmoja mmoja, tukiachana sana, 50 kwa saa. Hata hivyo ni afadhali mara mia kuliko foleni ya kivuko.

Bendera ndogo za safari tulizikunja tangu Usagara. Bendera inayopepea kwa kilometa 400 inachanika, na ikichomoka inaingia kwenye mnyororo. Bomba la plastiki la nusu inchi nalo halifai kuwa mlingoti, linavunjika shinani. Tulizipandisha tena kilometa 2 kabla ya Kaboya.

Mafuta ndiyo yanayokula muda. Pikipiki 18, dakika 3 kila moja kwenye pampu moja, ni karibu saa nzima. Fedha ilikuwa imekusanywa Mwanza, na mweka hazina akalipa kwa pamoja. Kila mtu alifika pampuni akiwa ameshafungua kifuniko cha tangi, na pampu mbili zikafanya kazi bila kusimama. Geita tulitumia dakika 20. Chato tulijaza tena hata waliokuwa na nusu tangi, kwa sababu mbele yake ni mapori.

Kati ya hapo, mbele kidogo ya Katoro, pikipiki moja ilitoa mlio wa chuma kisha ikakosa nguvu. Mnyororo ulikuwa umekatika kwenye kiungio. Ulibadilishwa wiki moja kabla, na fundi alikifunga kinyume kilipu, kile kibano kidogo kinachoshikilia kiungio. Kilipu kina upande mmoja uliofunga, wa mviringo, na upande mwingine ulioachama kama mdomo wa samaki. Ule uliofunga ndio unaotazama mnyororo unakokwenda. Ukigeuza, jiwe dogo au ukingo wa kinga ya mnyororo unakisukuma kwenye mdomo wake na kinaruka. Bahati yake mnyororo ulianguka chini. Ungejikunja kwenye sproketi ya mbele ungepasua kasha la injini. Ndani ya pikapu kulikuwa na viungio 4, tyubu za inchi 17, plagi, waya za klachi na pampu ya mkono. Dakika 15 tukaondoka, baada ya kukagua vilipu vya wote. Viwili vingine vilikuwa vimegeuzwa.

Madaftari ya kuchangia shule hatukuyabeba kutoka Mwanza. Karatasi ni nzito, na gurudumu la nyuma lililozidiwa linataka upepo wa psi 32 au zaidi, la sivyo tairi linachemka na tyubu inapasuka kwenye vali. Michango ilinunua madaftari Muleba mjini, yakapelekwa shule ya msingi ya jirani kupitia afisa elimu kata.

Makaburi yako chini ya jeshi, kwa hiyo barua ilikwenda kwa mkuu wa wilaya wiki tatu kabla, nakala kwa jeshi na polisi. Bila barua mtaishia getini, na ni haki yao. Karibu na geti injini zilizimwa, pikipiki zikasukumwa kwa mkono. Udongo ulikuwa na unyevu, stendi ya pembeni inazama polepole, na moja ikilala inaangusha safu nzima. Kila dereva alikuwa na kopo lililopondwa la kuweka chini ya stendi. Helmeti zilibaki kwenye viti. Shada likawekwa, dakika moja ya kimya, kisha watu wakapita kati ya mistari bila kupiga picha mpaka ruhusa ilipotoka.

Siku ya tatu tulitoka Bukoba hadi Kyaka. Daraja la pale lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mapema Novemba 1978, na wanajeshi wa Tanzania walilazimika kutafuta njia nyingine ya kuuvuka mto Kagera. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Tulivuka mmoja mmoja. Ng'ambo, aliyefunga mkia akahesabu namba za pikipiki kama alivyofanya kila tuliposimama, akanyoosha mkono, tukageuza kurudi Bukoba kubadilisha oili.