Nilivyotoka kwenye kangomba

Mwezi wa tatu ndio ulikuwa ukiniponza. Hela ya korosho imekwisha, mtoto hana sare, na yule jamaa wa baiskeli kasimama uani. "Dada, shika hii elfu hamsini. Korosho zikianguka utanipimia." Hiyo ndiyo kangomba: unauza korosho mkorosho haujatoa hata ua. Imepigwa marufuku, najua, lakini marufuku haipikwi ikaliwa.

Korosho zangu alizipima kwa bakuli, kila bakuli likihesabiwa kilo, kila kilo shilingi 1,000. Siku moja niliazima mizani ya muuza sukari nikaweka bakuli moja. Kilo moja na robo! Yule wa baiskeli alinuna, akasema mizani ni mbovu. Mwaka huohuo, 2018, Serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Zangu nyingi zilikuwa zimeshakwenda.

Watu huniuliza nilipataje bei nzuri. Bei ilikuwapo, stakabadhi ghalani (unaweka korosho ghalani, unapewa risiti, zinauzwa kwa mnada) imeanza huku Mtwara tangu 2007. Kilichonishinda ni kufika mwezi wa kumi, wakati wa mavuno, bila deni. Basi nikaanzia kwenye chakula. Mama mdogo alinipa kipande chake cha shamba kilicholala hapa Tandahimba, nikapanda mihogo na mbaazi. Chini ya mikorosho mikubwa usijisumbue, kivuli kinaua mihogo. Mihogo tukaimenya, tukaianika, tukaweka makopa ya kutosha. Msimu wa kwanza bado nilikopa, ila nusu. Wa pili sikukopa.

Salfa, dawa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), nayo ilikuwa mlango wa deni. Nikajiunga na kikundi cha hisa cha akina mama, nikachukua fungu langu la kununulia salfa Mei, kabla mikorosho haijaanza kuchanua. Tunapuliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia.

Kisha ubora. Zamani nilitikisa matawi ili niwahi. Sasa nasubiri zianguke zenyewe, naokota kila siku, nazitenga na mabibo, yale matunda yake, papo hapo (mengine yanaishia kwenye uraka, pombe ya mabibo, hilo niulizwe faragha). Naanika siku mbili tatu mpaka nikitikisa korosho nasikia inagonga ndani ya ganda. Zenye madoa na zilizosinyaa naziweka kando mwenyewe, maana zikichanganyika, gunia zima linaweza kushushwa daraja la pili.

Mzigo wangu wa kwanza ghalani ulikuwa kilo 310. Nilisimama karibu na mizani mpaka karani akaniuliza, "Mama, huniamini?" Nikamwambia, "Nakuamini baba, nasoma tu." Namba ile niliiandika kwenye daftari la mtoto. Bei ya mnada ikasomwa, makato yakapita: ya ushirika, ya ghala, ya usafiri, mengine mpaka leo sijaeleweshwa vizuri. Na malipo yalichelewa karibu mwezi mzima. Bila makopa ningerudi kwa yule wa baiskeli. Hapo ndipo wengi wanapotelezea, na mimi siwacheki.

Nilijaribu pia kubangua mwenyewe nyumbani. Mafuta ya maganda yaliniunguza vidole, nikaacha.

Sasa kinachonisumbua ni mvua. Mwaka jana zilinikuta Novemba na korosho bado ziko uani, kilo 40 zikaota ukungu. Nguzo za banda la kuanikia nimeshachimbia; bati bado.