Kongamano Lisbon, na siku mbili tatu za kuuona mji

Ukialikwa kongamano Lisbon na unataka kubaki siku mbili tatu uuone mji, amua kabla hujajaza fomu ya viza. Viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya Ureno na nchi nyingi za Ulaya, hutolewa kwa hesabu ya siku, na hesabu hiyo hufuata karatasi ulizopeleka. Mwaliko ukisema siku tatu na hoteli umeshika kwa usiku wanne, unaweza kupewa siku tano tu.

Itazame vizuri ile stika ukirudishiwa pasipoti. Ina tarehe ya mwanzo na ya mwisho, na pembeni ina idadi ya siku. Tarehe kwa kawaida huongezewa nafasi ya siku 15, ili safari ikisogezwa usikwame, lakini idadi ya siku haiongezeki. Hapa ndipo wengi wanapoingia matatani: mtu anaona tarehe ya mwisho bado iko mbali, anajikalia, kumbe siku zake zilishaisha. Siku ya kuingia inahesabiwa hata kama ndege imetua saa tano usiku, na siku ya kutoka vilevile.

Kwa hiyo andika sababu zote mbili za safari, kongamano na utalii, na karatasi zako zote zikubaliane. Barua ya mwajiri itaje siku za kazi na siku za likizo. Hoteli ionekane kwa kila usiku, hata zile unazolipa mwenyewe. Bima iwe ya angalau euro 30,000 na ifike hadi siku ya kuondoka. Ya ofisini mara nyingi hukatika kongamano linapofungwa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi ukinyimwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini usingoje siku hizo za mwisho, maana uamuzi unaweza kuvutwa hadi siku 45.

Siku za matembezi ziweke baada ya kongamano. Ukitangulia kutembea, akili inabaki kwenye mada utakayowasilisha, na ndege ikichelewa siku inayoliwa ni ya matembezi.

Makongamano makubwa hufanyika Parque das Nações, mtaa uliojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1998, upande wa mashariki. Wakati wa kazi lala hukohuko. Kazi ikiisha, hamia Baixa, mtaa wa katikati ya mji: panda metro ya mstari mwekundu kutoka Oriente, badilisha Alameda, kisha mstari wa kijani hadi Rossio. Kadi ya usafiri ya karatasi ni senti 50 na huongezewa salio; kila mtu lazima awe na yake. Hoteli nazo hutoza kodi ya wageni ya jiji, euro 4 kwa mtu kwa usiku, hadi usiku 7. Waulize watu wa uhasibu kama wanairudisha.

Angalia pia jua. Mwezi Juni huzama karibu saa tatu usiku, hivyo kikao kikiisha saa kumi na mbili jioni bado una muda wa kupanda kilimani. Mapema Novemba huzama karibu saa kumi na moja na nusu jioni, na mvua huwa nyingi. Kongamano la Novemba halikuachii jioni ya kutembea. Ongeza siku nzima.

Kwenye siku hiyo, panda kwa gari na ushuke kwa miguu. Basi namba 737 kutoka Praça da Figueira linakufikisha kwenye ngome ya São Jorge, kisha unateremka Alfama, mtaa wa vichochoro na ngazi uliosalimika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la 1 Novemba 1755. Baixa chini iliangamia ikajengwa upya, ndiyo maana barabara zake zimenyooka. Karibu na Rossio, ingia kanisa la São Domingos. Liliungua mwaka 1959 na nguzo zake ziliachwa vilevile, zimebanduka na kupasuka kwa moto. Ninavyoona, linastahili nusu saa kuliko maduka yote ya mtaa ule.

Belém, mtaa ulio magharibi mwa jiji, upe nusu siku kwa tramu ya 15E, lakini isiwe Jumatatu, kwani monasteri ya Jerónimos hufungwa. Ilianza kujengwa mwaka 1501, kwa sehemu kwa ushuru wa asilimia 5 wa biashara ya Afrika na Mashariki. Kaburi la Vasco da Gama, aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, liko ndani ya kanisa karibu na mlango. Foleni ya kanisa na ile ya ua wa monasteri ni mbili tofauti. Uliza kabla hujasimama. Kwa mtu wa pwani yetu, hapa si pa kupita haraka.

Tramu ya 28 huvutia wezi wa mifukoni, hasa ikijaa. Simu na pochi viwe mbele. Viatu vya ofisini vyenye soli laini viache hotelini: vijiwe vya chokaa vya njiani huteleza vikilowa. Na ukipanga chumba Alfama, uliza kwanza ngazi ni ngapi hadi mlangoni, maana teksi nyingi zitakuacha chini na begi lako.